Mzee wa Kiti cha Nyuma

— Ulishamuambia?

— Bado, yaya.

— Bado? Nzigire! Munafika hapa leo usiku na ungali unasema bado?

Nzigire alibana simu sikioni huku akiangalia mlango wa choo. Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha kupumzikia kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Louisville. Nje, mumewe Bagula alikuwa akiwafunga watoto mikanda. Anayepiga alikuwa yaya wake, yaani dada yake mkubwa, Chimène, wa Buffalo, na Chimène akishashika simu si mtu wa kukata upesi.

— Kazi ya kuangalia bazee walikubali, Chimène akaendelea. Unaanza lundi, Jumatatu hii. Masomo ya batoto nilishaona, iko karibu na nyumba. Imebakia weye tu kumuambia bwana yako arudie peke yake, weye na batoto munabaki.

— Nitamuambia tukishafika. Acha kwanza batoto bafurahiye njia.

— Bon. Mais usinipatishe haya mbele ya batu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nzigire na Bagula walikuwa na mwaka wa tatu South End, Louisville. Nzigire alifua mashuka mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bagula alipanga mizigo ghalani kuanzia alasiri mpaka watu wameshalala. Walichagua hivyo makusudi ili watoto wasibaki peke yao hata dakika moja, maana hadithi walizosikia kanisani za watoto kuchukuliwa na serikali ziliwatosha. Kwa watoto mpango ulikuwa mzuri. Kwa ndoa ulikuwa sumu. Walipokezana ufunguo wa gari kwenye maegesho, umekula, nimekula, basi, kila mtu na njia yake. Jumapili Bagula alisinzia kanisani mpaka mchungaji akamzoea. Mengine yote waliandikiana kwenye simu, kama watu wanaouziana gunia.

Mwezi wa nane Nzigire alifaulu mtihani wa kuhudumia wagonjwa, baada ya kuanguka mara ya kwanza. Akamwandikia mumewe papo hapo:

"Nimefaulu!!! Mungu ni mwema!"

Jibu lilikuja baada ya saa mbili:

"Ok bon. Kesho njo siku ya poubelle, usisahau kutosha takataka."

Alilia jikoni, akazitoa zile takataka, kisha akampigia dada yake.

Sasa ilikuwa Oktoba 2015, shule zimefunga kwa likizo ya vuli, na Bagula kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa ameomba siku nne. Yeye alijua wanakwenda kupumzika, kuona majani yanavyogeuka rangi na kula samaki kwa shemeji. Nzigire alijua zaidi. Chini kabisa ya sanduku alikuwa amekunja makoti ya watoto ya baridi kali.

Alirudi kwenye gari.

— Lete simu yako ituoneshe njia, Bagula akasema. Ya miye internet iliisha.

Akampa, Bagula akaibandika mbele ya usukani. Nzigire alikuwa amefua mashuka wiki nzima, usingizi ukamchukua palepale. Alipoamka, majengo marefu ya Columbus yalikuwa yanaonekana. Bagula alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

— Uko sawa?

— Niko sawa. Donc, leo tutalala kwa baba mudogo Ezéchias.

— Si tulisema tunapita tu kumusalimia?

— Tulale. Niko na neno naye.

Mzee Ezéchias alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Bagula, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mkewe, mama Kostansia, aliwapokea kwa ugali wa fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Nzigire alipokwenda kunawa mikono alifungua simu, akakuta ujumbe mpya wa Chimène. Akamshukuru Mungu kwamba umeingia kimya kimya, akauficha.

Baada ya kula, Bagula na mzee wakatoka barazani, wakafunga mlango wa kioo. Nzigire aliwaona wakiongea. Bagula anaongea! Mikono inakwenda huku na huku, mzee anatikisa kichwa, kisha anamshika bega. Miaka mitatu Nzigire hakuwahi kuona maneno mengi hivyo yakitoka kinywani mwa yule mtu.

— Banapanga nini bale? aliuliza mama Kostansia.

— Sijue, mama.

Asubuhi alipotoka na sanduku, alimkuta mzee Ezéchias ameshakaa kiti cha nyuma, katikati ya watoto, amevaa suti ya kijivu na tai, mkoba juu ya magoti.

— Baba! Munaenda wapi?

— Buffalo. Nasikia majani iko muzuri kule.

— Na suti?

— Majani inapashwa kupewa heshima.

Watoto walicheka. Nzigire alijilazimisha kucheka nao. Kumwambia mume arudi peke yake ni kazi nzito. Kumwambia mbele ya baba yake mdogo? Alimwandikia Chimène haraka:

"Baba mudogo yake anakuya pia. Sijue sababu."

"Nitaongeza sahani," Chimène akajibu. "Usirudi nyuma."

Njia ya kwenda Buffalo ni saa tano, na saa tano zile zilimtesa Nzigire, si kwa ugomvi bali kwa utamu. Bagula alikuwa mtu mwingine. Alipunguza mwendo ili watoto waone miti, mingine myekundu, mingine ya manjano mpaka macho yanauma. Alinunua chai, akamwekea mkewe sukari tatu kama anavyopenda, bila kuuliza. Kisha akaanza kuwasimulia watoto siku alipomwona mama yao mara ya kwanza, kwenye mazoezi ya kwaya.

— Nilikuwa naimba bass. Mama yenu akasimamisha kwaya muzima, akasema, kuna mutu nyuma kule analia kama ngombe.

— Was it you, Daddy? akauliza binti yao, Isaro, wa miaka tisa.

— Njo miye!

Nzigire alicheka mpaka machozi, kisha akageukia dirisha. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomtia hasira. Mtu huyu alikuwa wapi miaka mitatu? Anakuja kuonekana sasa, wakati kazi imeshakubaliwa na shule imeshapatikana?

Walifika Ijumaa, na usiku ule Nzigire hakuthubutu kusema. Jumamosi asubuhi mume wa Chimène, Nshombo, mpole anayefanya kazi kiwandani, aliwapeleka wote nje ya mji kwenye shamba la matofaa. Mzee Ezéchias alipoelezwa utaratibu alisimama getini, hataki kuingia.

— Tunalipa ili tubavunie?

— Njo vile, baba, Nshombo akasema.

— Na mavuno ni ya nani?

— Ya yetu, tukishalipa tena.

— Hii inchi!

Lakini aliingia, na ndani ya nusu saa alikuwa amejaza vikapu viwili huku akiwakemea watoto wasichume mabichi. Jua lilikuwa la upole, hewa inanukia majani. Nzigire alijikuta na Bagula peke yao kati ya mistari ya miti. Akapiga moyo konde.

— Bagula, niko na neno.

— Najua.

— Unajua nini?

— Najua uko na neno. Ngoya tufike kwa nyumba. Baba mudogo pia iko na yake, ile ya mukubwa itangulie.

Akachukua kikapu mkononi mwa mkewe, akatangulia.

Nyumba ya Chimène ilikuwa North Buffalo, na waliporudi jua lilikuwa bado linaingia sebuleni. Bagula alipitia dukani, akaja na kreti mbili za Fanta na nusu mbuzi, akaviweka katikati ya sebule. Mzee Ezéchias, ndani ya suti yake, alikaribishwa kiti akakataa.

— Hatuikale kwanza. Tulikuya na neno.

— Neno gani, baba? Nshombo akauliza.

— Tulikuya kutwala bibi yetu, tumurudishe kwetu.

Kwao Bushi, nchi ya wazazi wao, mke akirudi kwao kwa hasira, mume hamfuati mikono mitupu. Huja na mkubwa wa ukoo, huleta kinywaji, kisha huelezwa makosa yake mbele ya watu na kuyasikiliza. Hilo kila mtu pale alilijua. Lililowashinda ni jingine.

— Mais baba, Nshombo akasema, bibi yenu hajaondoka! Mulikuya naye ndani ya motokari moja!

— Tunajua. Tumewahi.

Nzigire aligeuka. Akamtazama mumewe.

— Simu yako, Bagula akasema taratibu. Ilikuwa inanionesha njia. Mbele ya kufika Columbus, message ya yaya ikapita juu ya carte. Kazi ni lundi, batoto babaki, bwana yako arudie peke yake.

Chimène akafunika uso kwa kitenge.

— Ukasoma, na haukusema kitu? Nzigire akauliza.

— Ningesema nini? Batoto balikuwa nyuma. Na miye nilikuwa naogopa, Nzigire. Nilikuwa naogopa sana.

Mzee Ezéchias akakohoa.

— Sasa semeni makosa yetu. Tunasikia.

— Mwenyewe aseme, Nshombo akajibu.

Nzigire alisimama. Alidhani atalia, hakulia.

— Nilifaulu examen. Nilianguka, nikarudilia, nikafaulu. Mutu wa kwanza niliandikia ni weye. Ulinijibu nini?

Bagula aliangalia zulia.

— Poubelle, akasema.

Isaro akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

— Haunipigi. Haulewi. Njaa hatuna. Mais nimechoka kuolewa na simu, Bagula. Nimechoka.

— Hiyo ni kosa, mzee akasema. Tena kubwa. Tunaikubali. Sasa tunaomba, kwa heshima yote, arudie na sisi Louisville na...

— Hapana, baba, Bagula akamkata.

— Hapana namna gani?

— Siombi arudie Louisville. Kule tutarudilia maisha ileile. Hapa yaya anaweza kuangalia batoto, sisi wawili tukatumika muchana, mangaribi tukakula pamoja. Naomba aniruhusu nihamie hapa na miye.

— Hatukupatana vile! Mzee alimgeukia, tai imepinda. Mwanaume anafuata bibi kwabo? Batu ya kwetu batasema nini?

— Batasema Bagula alifuata bibi yake. Si ni kweli?

Mzee akainyosha tai yake. Nshombo alitazama chini ili kuficha tabasamu, kisha akauliza kama desturi inavyotaka, swali ambalo jibu lake ndilo msamaha:

— Nzigire, hawa batu, unabajua?

Alimtazama Bagula. Mikono ya ghala, macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na aibu yote ya kusemwa mbele ya shemeji ameibeba kwa hiari, kabla hajalazimishwa. Hasira yake haikuisha yote, asidanganye mtu. Lakini iliyobaki ilikuwa hasira ya mtu na mumewe, ya kwenda kumalizia nyumbani.

Akachukua chupa ya Fanta, akaifungua, akanywa funda moja, akampa Bagula. Bagula akaipokea kwa mikono miwili, akanywa. Hapo hakukuwa na haja ya mtu kutafsiri.

— Nabajua, akasema. Kesho narudia nabo Louisville tufunge nyumba. Kazi nitaomba baningoye mpaka mwezi wa kumi na moja. Tutakuya wote.

Chimène alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

— Mais nyumba yenu hamujapata! Mutakaa hapa kwanza, na kitanda nilikununulia ni ya mutu moja!

— Tutabanana, Nzigire akasema.

Bagula akapaliwa na Fanta. Mzee Ezéchias akageukia ukuta, akasema hajasikia kitu, kisha akavuta kiti na kukaa.