Vipeo Juu ya Mgongo Mmoja

Mwaka ule wa 1956, kila asubuhi Onésime alitoka mtaa wa Murara akikanyaga mawe meusi ya volkano, viatu mkononi visichakae, akaingia darasani kabla ya kengele. Wanafunzi walikuwa arobaini. Nafasi za sekondari zilikuwa nane. Nani aliamua ziwe nane? Wanafunzi hawakuulizwa.

Siku hiyo mwalimu Zéphirin aliandika ubaoni: 4x³y² + x⁴ + 7xyz.

"Digrii ya polinomia hii?"

Kamate, aliyekaa na Onésime dawati moja, alijumlisha vipeo vyote akasema kumi na mbili. Onésime alichukua kipeo kikubwa kuliko vyote akasema nne.

"Watoto wa wabeba mizigo," Zéphirin akasema, na darasa likacheka. "Kesho mutarudi hapa mbele. Atakayekosa, ninafuta jina lake kwa orodha ya sekondari, aende abebe magunia."

Kosa liko wapi, hakusema.

Baada ya masomo Onésime alimfuata baba yake, Ntirenganya, aliyepakia kahawa bandarini. Akaichora ile polinomia mavumbini.

"Papa, namba hizi ndogo za juu ni vipeo. x³ ni x tatu zinazozidishwa pamoja. Nimechukua kikubwa, wakanicheka."

Ntirenganya akatazama. "Kapita, musimamizi wetu, alitupima vile vile wakati wa vita. Nilibeba mafurushi matatu ya chumvi na mawili ya misumari. Akaandika tatu. Nikasema ni tano, akanichapa fimbo. Kovu ninalo. Sasa, hizi x na y za kwanza ziko kwa mugongo mumoja?"

"Ndiyo, zinazidishwa pamoja. Tatu na mbili... tano." Onésime akaendelea mwenyewe. "Kipande cha pili ni nne. Cha tatu, kila herufi ni moja, kwa hiyo tatu. Nijumlishe migongo yote?"

"Kwa nini? Kila mutu na mugongo wake. Tafuta aliyelemewa kuliko wote."

"Tano! Na hii nne ya mbele?"

"Mimi sikusoma. Fikiri."

Akafikiri sana. "Ni watu wanne wenye mzigo ule ule. Haimwongezei mtu uzito."

Kesho yake Onésime aliitwa kwanza. Akajibu tano na kueleza kila kipande. Zéphirin akafuta, akaandika 9x²y²z² + y⁵, akitaka aanguke.

"Sita, Meetre," akamjibu mwalimu.

"Nani alikufundisha?"

"Papa. Mubeba mizigo."

Hakuna aliyecheka. Jina likabaki. Kamate akaitwa, akasema kumi na moja; Zéphirin hakulifuta jina lake bado, akampa siku moja tu ya mwisho.

Nyumbani Ntirenganya hakusifu. "Umejua kwa sababu uliuliza, kisha ukafanya kazi mwenyewe. Vizuri. Sasa nenda kwa Kamate, umwonyeshe."

"Papa, nafasi ni chache. Anaweza kuichukua yangu."

"Elimu unayoificha haitofautiani na fimbo ya kapita," baba akasema. "Na aliyezifanya nafasi kuwa chache si Kamate."

Onésime akachukua chaki, akaenda.