Mti Uliopima Kama Chuma

Ta.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Akina mama waliokuwa wakiosha masufuria nyuma ya kanisa, baada ya ibada ya mavuno, walidhani kuna mtu amevunja kijiti kikavu cha mbuni. Halafu ndege wote wa bonde lile wakanyamaza kwa pamoja, na mikono ya akina mama ikasimama ndani ya maji.

Robo saa baadaye, watu waliokwenda kufungulia maji ya mfereji walimkuta Ephraimu Kiwelu amelala chali kati ya kahawa yake, macho wazi, tundu moja dogo kifuani. Damu ilikuwa kidogo mno. Mkononi alikuwa ameshika bastola.

Inspekta Aminiel Sumari alifika saa tisa alasiri. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye miteremko hiyo ya Meru. Alikuwa ameona maiti nyingi katika miaka kumi na minne ya upelelezi, lakini hakuwahi kuona sura ya mtu aliyekufa akishangaa namna ile.

"Tajiri kafa anacheza, afande," alisema Sajini Eliud. "Hicho alichoshika ni cha watoto."

Sumari aliilegeza mikono ya marehemu kidole kimoja kimoja. Akakichukua kile kitu, na mkono wake ukashuka bila yeye kutaka. Kilikuwa kizito. Kilikuwa bapa, hakizidi kiganja, cheusi, kimeng'arishwa kwa rangi ya viatu. Mti mgumu wa loliondo, umechongwa mpaka mistari midogo ya mshikio inaonekana, na tumboni umejazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Ukifumba macho ungeapa kuwa umeshika chuma.

"Pima mwenyewe," alimwambia Eliud.

Eliud alipima. Hakutania tena.

Mfuko wa kushoto wa marehemu ulikuwa na tochi, koleo ndogo ya kushikia mawe, na karatasi iliyokunjwa. Ndani ya karatasi zilikuwamo tanzanaiti tisa, bluu kama moto wa jiko la mafuta ya taa. Mwuaji hakuzigusa. Bastola halisi ya marehemu, aliyokuwa na leseni yake, haikuwepo. Ganda moja la risasi lilipatikana chini ya mbuni, na jioni daktari aliitoa risasi yenyewe mwilini. Haikuzidi punje ya buni. Sumari aliiweka juu ya ukucha wa kidole gumba akabaki ameitazama. Kwa kitu kama hiki mtu mzima mwenye kilo tisini ameondoka duniani.

Mtu wa pili kumfikia marehemu, baada ya watu wa mfereji, alikuwa dereva wake, Sadoki. Alisema alikuwa nje ya kanisa akipakia mikungu ya ndizi ambayo bosi wake aliinunua kwenye mnada wa mavuno. Alilia kimya kimya, na watu walimwonea huruma.

Jumapili hiyo hiyo kabla ya magharibi, fundi nguo Ebenezer wa Kaloleni alikuwa mahabusu. Bastola ya mti alichonga yeye. Asubuhi ile marehemu alipitia dukani kwake, akavua suruali, akashonewa mfuko uliofumuka, na bastola ya kweli ikakaa mezani kwa fundi robo saa nzima. Zaidi ya hapo, wiki tatu nyuma walikuwa wamegombana mbele ya watu. Marehemu alimtania kwamba siku hizi suti nzuri zinatoka kwenye mitumba, na fundi akamjibu kwamba hiyo anayomshonea ndiyo atakayozikwa nayo.

Bosi wa Sumari aliona kesi imeisha. Jumanne asubuhi fundi angesomewa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kamba.

Sumari alikuwa na Jumatatu moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hata mahabusu mnaamkia?" Ebenezer alikuwa mzee mwembamba wa miaka sitini, vidole virefu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Nasikia mtanitundikia hiyo. Basi angalau muisifie kwanza."

"Naisifia. Kwa nini fundi nguo anachonga bastola?"

Mzee alicheka kidogo, kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Sumari alivyosahau kuandika.

Mwaka jana, soko la mawe lilipochangamka na mawakala wakaanza kuporwa hadharani, Ephraimu aliamua kununua bastola. Alimchukua fundi wake wa nguo mpaka duka la silaha. Muuzaji alidhani wamepotea mlango. Ephraimu alijaribu bastola tano, na hakuuliza hata moja inapiga mbali kiasi gani. Aliitia kila moja mfukoni, akasimama, akakaa, akachuchumaa kama mtu anayekagua mawe, akaingia ndani ya gari na kutoka. Ya kwanza, yenye ngoma ya risasi inayozunguka, ilivimba pajani kama embe. Ya pili ilivuta suruali mpaka mkanda ukalalamika. Ya tatu ilikuwa ndogo mno, vidole havikupata pa kushika. Zilizobaki mbili alishindwa kuamua.

Kwa kuwa leseni haikuwa imetoka, hakuruhusiwa kuondoka na silaha. Ndipo akamwomba fundi achonge mfano wa kila moja kati ya zote tano, hata zile alizozikataa, kwa vipimo vyake, na uzito wake ikiwa imejaa risasi, uliopimwa kwa mizani ya dukani. Akatembea na kila mti wiki moja.

"Alikuwa anatafuta nini?" Sumari aliuliza.

"Alitaka kujua ipi ataisahau. Aliniambia, fundi, ile nitakayoisahau mfukoni ndiyo nitakayoinunua. Ya tano akaisahau siku ya pili."

Sumari aliinua ule mti tena. "Na jana ulibadilisha?"

"Jana nilishona mfuko. Nikamrudishia chuma chake kwa mkono huu, akaondoka. Miti yote mitano nilishampa tangu mwaka jana." Mzee alivua miwani. "Mwanangu, mitumba imeninyang'anya wateja wote. Alikuwa amebaki yeye. Namuua ili nimshonee nani?"

Muuzaji wa duka la silaha alithibitisha kila neno, hata habari ya embe pajani. Lakini maneno ya duka hayakumtoa fundi mahabusu. Sumari akaenda kwa mjane.

Ndeshi, mke wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wa Kimachame. Alijibu kwa sauti ndogo iliyonyooka. Ndiyo, mumewe aliisafisha bastola kila alfajiri, na Jumapili pia. Aliyaona mafuta kwenye vidole vyake wakati wa chai. Miti minne watoto walikuwa nayo kwenye boksi la michezo. Wa tano haukuonekana tangu kahawa ilipochanua.

"Kanisani aliingia na silaha?"

"Hapana. Alimwahidi mchungaji. Huifunga kwenye leso mlangoni, akamwachia Sadoki."

"Sadoki haingii kanisani?"

"Hajaingia tangu mdogo wake, Solomoni, afukiwe na mwamba Mirerani, kwenye mgodi wetu. Hukaa garini. Baada ya ibada anamrudishia."

"Marehemu huifungua leso?"

Mjane alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mbele ya waumini, baba? Anaitia mfukoni hivyo hivyo."

Sumari alipanda mlimani pamoja na Eliud. Kulikuwa na milango miwili ambayo chuma kingeweza kugeuka mti: duka la fundi asubuhi, au gari la Sadoki wakati wa ibada. Asipopata cha kuitenganisha milango hiyo, fundi angekwenda na maji.

Kanisani alimkuta Mama Elizabeth, mzee wa kanisa, aliyekuwa zamu ya mlango Jumapili. Sumari alimwamkia, akamwomba aeleze marehemu alivyoingia. Mama alieleza mengi, ya suti na ya sadaka, mpaka alipofika kwenye neno moja akalipita.

"Rudia hapo, mama. Kilianguka nini?"

"Funguo. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye leso ampe dereva, vikamponyoka, vikapiga kwenye ngazi. Kwaya nzima iligeuka. Akacheka, akasema ni funguo."

"Vilitoa sauti gani?"

"Sauti ya chuma, baba. Vililia."

Sumari aliinama. Ukingoni mwa ngazi saruji ilikuwa imemeguka, alama mpya, nyeupe, ndogo kama ukucha. Akatoa ule mti mfukoni, akauinua kimo cha kiuno, akauachia.

Du.

"Ndiyo hii sauti?"

Mama Elizabeth alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya gogo. Ile ililia."

Sumari alibaki amepiga goti pale mlangoni. Juu yake wingu lilikuwa limeuachia mlima, na kilele cha Meru kilisimama wazi kabisa, kikubwa kiasi cha kumfanya mtu ashushe sauti. Alijikuta anamnong'oneza Eliud. Wakati Ephraimu anapita mlango huu, tayari ametoka kwa fundi, bado alikuwa na chuma.

Sadoki alikuwa amepanga chumba Sokon I. Waliketi naye nje kwenye benchi, Sumari begani kwake kabisa, Eliud mbele yao. Aliwaletea chai. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mtulivu, suruali imepigwa pasi vizuri. Kwa muda mrefu walizungumza habari za gari, za mazishi, za nani atamtunza mjane. Mwisho Sumari akauweka ule mti juu ya benchi.

"Fundi Ebenezer kesho asubuhi anasomewa shitaka."

Kikombe cha Sadoki kilisimama njiani. "Shitaka la nini?"

"La kumuua bosi wako."

"Fundi ana kosa gani?"

"Wewe niambie."

Sadoki alikiweka kikombe chini.

"Bosi wako aliangusha bastola mlangoni mwa kanisa," Sumari alisema. "Ililia, saruji ikameguka. Aliyofia nayo ni mti. Katikati ya hapo leso ilikuwa kwa nani?"

Sadoki alisimama polepole, akaingiza mkono mfukoni. Eliud aliruka. Lakini mkono ulitoka na vidole viwili tu, vimeshika leso kwa ncha, ukailaza juu ya benchi kando ya mti. Sumari aliifungua. Bastola bapa, nyeusi, inanukia mafuta. Akaitazama suruali ya Sadoki. Karibu saa nzima wamekaa bega kwa bega, na hakuona hata mkunjo mmoja.

"Suruali alinipa yeye, imemchakaa," Sadoki alisema. "Fundi anajua kazi yake. Nimetembea nayo tangu jana. Huisikii."

Sumari alimpa onyo kwa mujibu wa sheria: halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Sadoki alisema liandikwe.

"Solomoni hakufukiwa na mwamba. Siku ile mashimo mawili yalitobokeana kule chini, wanaapolo, wale wachimbaji wa mgodi wa jirani, wakawa wanaingia kwenye jiwe letu. Ephraimu akaamuru kamba ivutwe juu na baruti iwashwe. Aliambiwa Solomoni bado yuko chini. Akasema, washa."

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe. Hakuniambia mimi. Alikuwa anamsimulia mnunuzi kwenye kiti cha nyuma, anajisifu jinsi alivyookoa mgodi. Mimi nashika usukani. Alinisahau, afande, kama alivyoisahau hiyo."

Aliuchukua mti garini, ulikokuwa umesahauliwa pia. Jumapili tatu aliufunga kwenye leso, kisha akaufungua na kurudisha chuma. Ya nne ilikuwa ya mavuno. Kanisa lilikuwa limefunga vipaza sauti nje.

"Nikamsikia anashukuru. Anasema Bwana amenilindia vijana wangu wote mgodini, sijapoteza hata mmoja." Sadoki alirudia lile neno. "Hata mmoja. Solomoni hakuandikishwa popote, kwa hiyo hakupotea. Basi safari hii sikuufungua."

"Ungeweza kumpiga risasi tu. Mti wa nini?"

"Solomoni alifikia kamba, hakuikuta. Nilitaka na yeye afikie kitu anachokitegemea, asikikute."

Aliwaacha watu kwenye mnada, akamfuata bosi wake shambani, akamwambia ataje jina la mdogo wake.

"Alilitaja?"

"Aliniuliza, mdogo wako yupi? Huku mkono unaingia mfukoni. Ukatoka na mti. Akautazama, halafu akanitazama mimi. Miaka sita namwendesha, ndiyo mara ya kwanza ananitazama."

Eliud, mtu wa utani, alikuwa amegeukia ukuta.

Sadoki alinyoosha mikono ifungwe pingu. Alisema hakuwa amefikiri kwamba watamkamata mzee wa watu. Aliambiwa fundi anahojiwa tu. Aliomba jambo moja, fundi asilale tena ndani. Halafu akaomba la pili, kwa sauti iliyokuwa inakatika: kwamba kwenye hayo maandishi jina la Solomoni litangulie, kwa sababu halijawahi kuandikwa mahali.

Sumari aligeuza karatasi mpya. Juu kabisa akaandika jina la Solomoni, akamwonyesha. Kisha akawaza lile shimo, mita mia tatu za giza zinazoshuka wima, na kijana mmoja chini yake ambaye dunia haikumhesabu. Akaikunja karatasi.

"Sadoki, nisikilize. Fundi analala kwake leo, namfungulia mlango mimi mwenyewe. Na lile shimo nitalifungua kwa amri ya mahakama, nitashuka na kamba yangu, na mdogo wako nitamtoa. Nakuahidi."