Mke Wangu Alisimama Nyuma ya Mwingine

Nina umri wa miaka arobaini na minne. Nilisoma Tabora mpaka nikapata cheti, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimekuwa karani wa mizigo stesheni ya Shinyanga, nimepima pamba Isaka, nimesimamia vibarua kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Kila nilipokuwa mbali niliwaza nyumbani... na kila nilipofika nyumbani niliwaza njia. Ndugu wasomaji, haya yaliyonipata yasomeni mkiwa mmeketi karibu na wenzi wenu.

Nilikuwa Geita alipokuja Mzungu mmoja msomi. Hakutafuta dhahabu, wala hakuwa padri au mtu wa kodi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyochagua viongozi: nani humchagua nani, na kwa sababu gani. Alikuwa amesikia kwamba kwetu Usukuma watu hukutana uwanjani na kuamua wenyewe, bila karatasi wala sanduku. Kiswahili alikijua, Kisukuma hakukijua, basi akanichukua niwe mkalimani wake. Nilipomwambia kwamba kijiji changu, karibu na Shinyanga, kinataka kumchagua nsumba ntale mpya, alifurahi sana.

Nsumba ntale ndiye mkuu wa kazi za pamoja. Jina lenyewe ni la ujana, lakini cheo aghalabu hushikwa na mtu mzima. Yeye ndiye huwaita watu kulima shamba la mgonjwa au kuezeka nyumba ya mjane.

Mzungu alipiga hema nje ya kijiji, nami nikafika nyumbani baada ya kukosekana misimu miwili ya mvua. Mke wangu Kabula, mama wa binti yetu Limi, alinipokea vizuri, akanipa maji ya kuoga na ugali wa mtama. Lakini paa lilikuwa na nyasi mpya. Nikauliza nani kaezeka. Akasema ni Shija na wenzake. Jembe nalo lilikuwa na mpini mpya. Nikauliza tena. Shija.

Shija tulichunga naye tukiwa wadogo. Alikuwa amefiwa na mkewe na hakuoa tena. Kesho yake alipopita njiani, mbwa wangu, aliyekuwa amenibwekea mimi jana yake, alimkimbilia akitikisa mkia.

Shija akacheka. "Karani, wewe mbwa wako anakudai kwanza kadi ya kazi, kama mgeni."

Nami nilicheka, lakini meno tu. Moyoni wivu ulikwisha washa moto. Nilimtazama Kabula akimsalimia nikapima sauti yake. Nilipima hata jinsi alivyoinamisha kichwa. Je, mtu aweza kuuonea wivu mpini wa jembe? Mimi niliuonea.

Siku ya kuchagua, wazee walimtaja Shija. Kabla sijafikiri nikasikia sauti yangu ikisema, "Na mimi nipo." Cheo sikukitaka. Nilitaka Kabula aone nikimshinda yule mtu mbele ya kijiji kizima... Mzungu alisita, maana mkalimani wake alipaswa kukaa kando, kisha akasema haidhuru, ataona watu wakichagua kati ya mwenye elimu na asiyeondoka.

Kwetu wanaogombea husimama wakilitazama boma la ng'ombe, mgongo kwa watu, ili macho yao yasimlazimishe mtu. Kila mtu huenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Wanawake nao husimama, kwa kuwa nao hulima. Anayegombea haruhusiwi kugeuka mpaka mwanangwa, mkuu wa kijiji, atoe amri.

Nilisikia nyayo zikipita. Nyuma yangu nikasikia mama yangu mzazi akikohoa, moyo ukatulia. Mama na Kabula hulima pamoja, nikawaza, basi wamekuja pamoja.

"Geukeni," mwanangwa akasema.

Nyuma yangu walikuwapo mama, binamu zangu na karani wa mnunuzi wa pamba. Mstari wa Shija ulipita maghala ya mtama. Na ndani yake, karibu na mwanzo, alisimama Kabula. Hakuangalia chini. Aliniangalia mimi.

"Karani," bibi mmoja akanitania, "kwa mama yako umeshinda."

Watu wakacheka. Laiti mambo yangeishia pale... Lakini Mzungu aliketi, akaanza kuwaita watu mmoja mmoja awaulize kwa nini wamechagua walivyochagua. Nani wa kufasiri? Mimi. Kabula alipofika, Mzungu hakujua ni mke wa nani. Nikamuuliza mke wangu, kwa kinywa changu, kwa nini alimtaka Shija.

Akajibu taratibu, "Kwa sababu nikiita, anasikia."

Nikamfasiria Mzungu neno kwa neno. Akaandika, akaniambia nimuulize: yule mwingine je, ana kasoro gani?

"Hana kasoro," Kabula akasema. "Hayupo."

Hilo nalo nikalifasiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa, amefurahi, akasema jibu hilo ni zuri sana.

Nyumbani nilimuuliza Kabula kama kuna jambo kati yake na Shija. Alikuwa akipepeta mtama, hakuacha.

"Mpaka leo asubuhi, Baba Limi, hapakuwa na jambo."

"Na sasa?"

"Sasa nimesimama mbele za watu nikasema ninachotaka. Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza. Umeniuliza leo, kwa ajili ya Mzungu."

Ningeweza kukaa. Lakini wivu uliniambia niondoke ili anikose, na nikausikiliza. Nikafuatana na Mzungu hadi Bukombe, nikifasiri sababu za watu wengine, kila jioni nikimwona Shija juu ya paa langu.

Niliporudi baada ya mavuno, nilipita kwanza kwa baba. Ndani ya boma lake niliwaona ng'ombe ninaowajua kwa rangi na pembe: ni wale tuliowatoa kumwoa Kabula. Watu wa kwao Kabula walikuwa wamewarudisha. Kwetu ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Baba alinisogezea kigoda tu.

Wenzangu mnaosafiri kutafuta maisha, nawasihi. Wivu wenu msiupeleke uwanjani kuushindanisha na jirani. Muulize mwenzio anataka nini wakati mko wawili, na jibu likikuchoma, keti nalo hapo hapo. Mimi nilichomwa nikakimbilia njia. Sasa nipo Geita tena, na wachimbaji wakiniuliza kwetu ni wapi, nawaonyesha tu upande wa mashariki.