Doa kwenye Unyayo wa Bibi

Kila nilipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Bibi yangu alikuwa fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Nilitambaa chini ya meza ya kukatia nguo, sumaku mkononi, nikizinasa pini zote zilizoanguka mchana kutwa, kwa sababu Bibi alishona pekupeku. "Nikivaa viatu siisikii mashine," alikuwa akisema. Kwa kazi hiyo akanipa jina la Pini, na hadi leo mama huniita kwa jina langu halisi pale tu anapokasirika.

Nakikumbuka chumba kile kwa harufu yake ya kitambaa kipya, chaki na mafuta ya mashine. Jua la saa kumi liliingia kwa dirisha la barabarani na kuishia magotini pa Bibi. Mimi nilifanya kazi za shule kwenye kona ya meza, naye alikanyaga pedeli huku akiwateta wateja wake, kwa mapenzi tu.

"Huyu kila mwaka ananiletea gauni hilihili," alisema siku moja. "Eti limesinyaa! Gauni liko vilevile, Pini. Mwenye gauni ndiye ameongezeka."

Tulicheka mpaka mama, aliyekuwa akirudi kutoka kazini kwenye kiwanda cha mikate, akatusikia toka njiani. Natamani sana ile saa kumi irudi, hata kwa siku moja.

Kwenye unyayo wake wa kulia, karibu na vidole, Bibi alikuwa na doa jeusi. Lilikuwa mahali palepale mguu ulipokutana na chuma cha pedeli, kwa hiyo hakuna aliyelishangaa. Mama alidhani ni mafuta ya mashine yaliyozama kwenye ngozi. Bibi mwenyewe alijivunia. "Huu ni mhuri wa kazi," aliwaambia wateja, akiinua mguu wauone. Kila Jumamosi alilisugua kwa jiwe, nalo halikutoka. Polepole lilitanuka, kingo zake zikapinda huku na huku, likawa jeusi upande mmoja na kahawia upande mwingine. Sisi tuliolitazama kila siku tulikuwa tumeshalizoea.

Aliyetuzindua ni jirani yetu, nesi wa hospitali kubwa, aliyekuja kujaribu sare yake mpya. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja wa sare umeshikizwa kwa pini, alipotazama chini.

"Bibi, unatoka damu mguuni."

"Ni huyu Pini, ameacha ndugu yake sakafuni," Bibi alitania.

Nesi hakucheka. Alipiga magoti na sare yake ileile ambayo haijakwisha kushonwa, akaushika ule mguu na kuuelekeza dirishani.

"Doa hili lina muda gani?"

"Hilo? Ni mhuri wa kazi, mwanangu."

"Linakua?"

Bibi alijifanya anatafuta mkasi. Nikaona nijibu mimi. "Linakua. Zamani lilikuwa dogo kama kifungo cha shati."

"Basi msilisugue tena," nesi alisema. "Na kesho mje hospitali. Kesho, Bibi, siyo ukimaliza oda."

Hospitalini walikata kipande kidogo cha lile doa wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka tulienda sote watatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Bibi alininong'oneza, "Mkasi wangu umemzidi huyu umri," nami nikajikaza nisicheke. Lakini daktari alipoanza kuzungumza, hamu ya kucheka ilinitoka.

"Bibi, hii ni saratani ya ngozi. Inaitwa melanoma. Sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi inatutokea nyayoni, viganjani au chini ya kucha, ndiyo maana hatuishtukii mapema. Si pedeli iliyoileta wala mafuta ya mashine. Usijilaumu."

Mama alianza kulia kimyakimya. Bibi aliuliza swali moja tu: "Mguu wangu utakanyaga tena?"

Alifanyiwa upasuaji. Waliondoa doa na nyama iliyolizunguka, wakapima na tezi za kwenye kinena. Tezi moja ilikutwa na chembe za saratani. Nilidhani sasa yamekwisha, kumbe daktari alituita tena.

"Tulichokiona tumekitoa," alisema. "Lakini huenda kuna chembe zimebaki ambazo macho hayazioni. Kwa hiyo baada ya upasuaji tunaongeza tiba nyingine ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Siwezi kukuahidi kwamba hautarudi kabisa. Ila nafasi yako inakuwa nzuri zaidi."

"Ni ile dawa ya kunyonyoa nywele?" Bibi aliuliza.

"Hapana, hii ni tofauti. Inaitwa tiba ya kinga. Mwili wako una askari wake wanaopambana na magonjwa. Saratani ni mjanja, huwafungia breki askari hao wasiishambulie."

Bibi alikunja uso, akafikiri. "Kama mimi ninapoweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani. Miguu inataka kwenda, lakini sindano imesimama."

"Hasa! Dawa hii inaondoa hicho kiganja."

"Basi kiondoeni," Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu nikamwona akitabasamu.

Daktari alitoa onyo. Askari wakishaachiwa, wakati mwingine hupitiliza na kuushambulia mwili wenyewe, iwe ni ngozi, mapafu, ini au utumbo. "Ukiharisha, ukikohoa, ukipata vipele au uchovu usio wa kawaida, tupigie simu siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki." Namba alituandikia, mama akaibandika kwenye mlango wa kabati.

Kila baada ya wiki chache Bibi alikwenda kutundikiwa dripu. Alirudi akiwa na hadithi za wagonjwa wenzake, na jioni alikaa kwenye mashine akakanyaga kidogo kwa mguu wa kushoto. Maisha yalianza kurudi.

Kisha wakaja wateja wa likizo, na Bibi akaanza kwenda chooni mara kwa mara. Mama wakati huo alikuwa zamu ya usiku kiwandani, mchana analala, kwa hiyo hakuona. Mimi niliona. Niliona pia kwamba chakula alikuwa akikigusagusa tu, na kwamba anajishika tumbo akidhani simtazami.

"Bibi, unaharisha?"

"Nimekula kitu kibaya."

Siku iliyofuata hali ikawa ileile. Nilipomtajia namba iliyo kabatini, alinishika mkono.

"Sikiliza, Pini. Nikiwaambia, watanikatia dawa. Umewahi kuniona nikiacha nguo bila kuimaliza? Sasa nimefika katikati. Tafadhali, mama yako asijue. Niahidi."

Sikuahidi, lakini pia sikubisha. Nilikaa kwenye kona yangu na daftari la hesabu mbele yangu, na namba zote zilinichezea machoni. Bibi yangu alikuwa hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na niliogopa. Niliogopa dawa isije ikakatwa kwa sababu yangu, na niliogopa zaidi kile kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa kimelowa jasho ilhali hakuna joto. Alipoinuka tena kwenda chooni akayumba, akashika meza, mkasi ukaanguka chini.

Nilikwenda chumbani nikamwamsha mama.

"Mama, Bibi anaharisha tangu jana. Amenikataza nisiseme."

Mama aliruka kutoka kitandani na upande wa kanga begani. Akapiga ile namba kabla hata hajavaa viatu. Wakamwambia amlete mara moja.

Ndani ya teksi Bibi hakunitazama. "Nilikuamini," alisema tu. Maneno hayo yaliniuma sana, na hadi leo nikiyakumbuka naumia kidogo.

Wodini, daktari alimchunguza, wakampa maji kwa dripu na dawa ya kutuliza wale askari waliokuwa wakiushambulia utumbo wake. Alipopata nafuu kidogo, daktari alikaa kando ya kitanda.

"Bibi, mngechelewa zaidi, utumbo ungeweza kutoboka. Kwa nini hukupiga simu?"

"Niliogopa mtaikata dawa nikiwa katikati."

"Fundi, uzi ukijisokota ndani ya mashine, unaendelea tu kukanyaga?"

Bibi aliguna. "Nani, mimi? Nikikanyaga nitachana nguo. Nasimama, naufungua, ndipo naendelea."

"Na sisi hivyohivyo. Tutasimama kwanza. Utumbo ukipona tutaangalia kama ni salama kuendelea. Na hata tukiacha, dozi ulizokwisha pata hazijapotea bure."

Bibi alipona. Dawa ilisimamishwa kwa muda, kisha madaktari wakaona inafaa kuendelea, akamaliza. Miaka imepita, vipimo vyake vimeendelea kuwa safi, na kila mwaka anakaguliwa mwili mzima, nyayo hadi kucha. Chumba kile cha mbele sasa kimepangishwa, wanauza simu. Bibi anaishi na mama, macho hayamruhusu kutunga uzi, lakini ulimi uko palepale.

Siku aliyoruhusiwa kutoka wodini ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Mama alikwenda kuchukua dawa, nasi tulibaki kwenye benchi la nje. Alikuwa bado hajanisemesha vizuri. Nilitazama viatu vyangu. Mara nikahisi mkono wake kichwani.

"Pini, nilikutwisha mzigo ambao haukuwa wako," alisema. "Nisamehe. Na hili ulishike. Mtu akikupa siri inayomdhuru, hata awe mkubwa vipi, hata umpende vipi, hiyo si siri ya kutunza. Ipeleke kwa mtu anayeweza kumsaidia. Atanuna, mwache anune."

"Na wewe ulininunia kweli, Bibi."

"Nilinuna sana," alisema, akanivuta karibu. "Lakini nilinuna nikiwa hai."