Niliyemwita Ndugu Alipiga Kura Dhidi Yetu

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, mzaliwa wa Morogoro. Ndoa ndiyo iliyonileta Johannesburg. Marehemu mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa kwetu, na nchi yake, Afrika Kusini, ilipokuwa huru tukaja wote huku. Naishi mtaa wa Bellevue, nina uraia, napiga kura. Majirani zangu wengi ni wageni, hawana haki hiyo... na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Kulikuwa na mheshimiwa mmoja wa bunge la jimbo. Jina lake silitaji, namwogopa. Wazazi wake pia walikuwa wakimbizi, akazaliwa Morogoro kama mimi. Kiswahili chake, jamani! Ukifumba macho utadhani ni jirani yako wa nyumbani. Ramadhani alikuja kufuturu kwangu, akala tambi kwa mkono, akaniita dada, nami nikamwita ndugu. Nani angemshuku mtu kama huyo?

Binti yangu Rehema anasoma chuo Braamfontein. Kiswahili anakisikia tu, hujibu kwa Kiingereza. Siku moja aliniletea karatasi zenye kura zote za mheshimiwa, tangu awe diwani mpaka akaingia bungeni. Kila hoja iliyowabana wageni wenye maduka, yeye aliiunga mkono. Kila moja!

"Eish, Mama, soma kwanza!" alinisihi.

Sikusoma. Nilimfokea kwamba mtu aliyekula kwangu simpimi kwa karatasi. Ujinga gani ule!

Uchaguzi ulipokaribia, mheshimiwa akaniomba nimwandikie majina ya wageni wenye maduka wasio na vibali, eti akawatetee. Nikanunua daftari, nikapita mlango kwa mlango. Waliniamini mimi, si yeye. Nikaandika majina kumi na moja, na ili msaada usipotee njia nikaongeza maelezo ya kila mmoja: huyu ana geti la bluu, hawa wanalala chumba cha nyuma, yule mumewe hutoka asubuhi.

Nilimkabidhi kwa mikono yangu miwili.

Wiki ya pili Rehema akanionyesha video kwenye simu. Mheshimiwa yuko jukwaani, watu wanamshangilia. Anasema wageni wanaoiba riziki za wananchi anawajua hadi wanapolala. Akainua kitu juu... Daftari langu! Nikakaa chini sakafuni.

Kesho yake mchana vijana wa mheshimiwa waliingia kwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mwenye kiduka mtaa wa pili, jina la kwanza kwenye daftari. Dukani hawakugusa hata sabuni. Walikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma! Mumewe alikuwa ameshatoka. Yeye walimvunja mkono mbele ya watoto wake.

Nilimkuta akifunga mizigo kwa mkono mmoja. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Ni weye ulikuya kutuandika, mama. Ni weye."

 

Tangu siku hiyo siishi. Geti likilia nachungulia dirishani kwanza. Polisi nimeandikisha maelezo, sijaona kitu. Na kuna jambo ambalo hata Rehema sijamwambia: wale kumi waliobaki hawajaiona ile video, wala hawajui kwamba waliomvamia Mama Furaha waliongozwa na daftari langu. Nikikutana nao sokoni Fordsburg wananisalimia, wananiuliza lini mheshimiwa ataleta vibali... nami natazama chini!

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Mwanasiasa akija na lugha ya kwenu, mpe chai, ni adabu. Lakini kabla hujampa jina la jirani yako, uliza alipiga kura vipi siku ambayo hukuwapo. Mimi niliridhika na ulimi wake, mwenzangu akavunjwa mkono.

Nimeshavaa viatu. Nikiweka kalamu hii chini nakwenda kwenye geti la bluu, kwa yule wa pili kwenye daftari. Najua watakavyoshtuka nikibisha hodi. Wakiuliza ni nani, nitataja jina langu, kisha nitasema nilichofanya.