Dashibodi Ilibaki Kijani

"Vua kitambulisho. Weka hapo mezani."

Bosi hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotutisha.

Kaka Miwani akakivua shingoni, polepole... akakiweka. Miaka tisa ya kazi, imeishia hapo!

"Bosi, sijafuta kitu."

"Ufunguo wako ndio uliofuta. Jina lako hili hapa kwenye kumbukumbu za mfumo. Saa mbili na dakika tano asubuhi."

Miwani akageuka, akaniangalia. Mara moja tu.

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jamani mnaosoma, msinionee huruma. Aliyemuuza mwenzake siku hiyo ni mimi.

Ngoja niwaeleze.

Ofisi yetu inaendesha mfumo wa kuita magari ya wagonjwa. Mtu akipiga simu, mfumo unatafuta gari lililo karibu na kulituma. Mfumo wenyewe unaishi kwenye klasta, yaani kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na kila programu ina kontena lake, kama chumba chake cha kufanyia kazi. Kontena likianguka, klasta inaliinua yenyewe. Lakini mwenye ufunguo mkuu, yaani nywila yenye ruhusa zote, akisema programu iondolewe kabisa, klasta inaiondoa. Haibishani na mtu.

Mimi nilipewa kazi ya kupandisha dashibodi humo. Ni ubao wa kuonyesha nini kizima na nini kinaumwa, kwenye ile skrini kubwa ya kugusa pale koridoni, wageni wakija waione.

Siku mbili nzima nilihangaika nayo! Kila nikibonyeza, inaniandikia "Huna ruhusa". Nilitakiwa kuitengenezea ruhusa yake, ya kutazama tu. Nilishindwa, na nikaona aibu kusema nimeshindwa.

Nikamfuata Miwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza.

"Kaka, niazime ufunguo wako."

"Ule mkuu? Wa nini?"

"Nijaribu kitu. Dakika kumi tu!"

"Mdogo wangu, ukimaliza uutoe. Usiuache humo ndani."

"Siuachi, kaka."

Nikauacha.

Unajua kwa nini? Kwa sababu kila kitu kiliwaka kijani! Bosi akapita, akatabasamu. Nikasema nitautoa Jumatatu. Na kwa kujipendekeza, nikakaa nikatafsiri vitufe vyote kwa Kiswahili safi. Bosi akanipigia makofi mbele za watu, kichwa kikavimba.

Ijumaa hiyo Shangazi akanisimamisha koridoni. Si shangazi yangu wa damu, ni mama anayesafisha ofisi. Sote tunamwita hivyo.

"Mwanangu, hili dude nikiligusa linachezacheza. Nisije nikakuharibia."

"Shangazi nawe! Halina neno hilo. Likikuuliza kitu, bonyeza Ndiyo, litanyamaza."

Nilimjibu huku natembea. Nilikuwa nawahi chai.

Jumatatu asubuhi simu zikaanza kulia.

"Gari halijaja!"

"Nimepiga mara ya tano!"

Nikakimbia koridoni kutazama dashibodi. Kijani tupu! Nikarudi nikawaambia wenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba mfumo ni mzima.

Kumbe programu ya kutuma magari haikuwa imeanguka. Haikuwepo kabisa! Na kitu kisichokuwepo, dashibodi haikihesabu. Ilihesabu vilivyobaki, ikaviona vizima.

Dakika arobaini zilipita kabla hatujagundua na kuirudisha.

Ndani ya dakika hizo, mama mmoja alijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Mtoto yuko salama, mama yuko salama. Lakini mimi nilisikiliza simu aliyopiga mume wake. Bado naisikia hadi leo.

Mchana Miwani akaitwa, na mwanzo wa kisa hiki mmeshausoma.

Nilijua ufunguo wake uko kwenye dashibodi yangu. Nilijua! Ila nilijidanganya: dashibodi haina mikono, nani angeigusa? Labda kweli Miwani alikosea mahali. Nikauondoa ufunguo kimyakimya, nikafuta jasho, nikaenda nyumbani.

Jumanne nikanyamaza.

Jumatano nikanyamaza. Kiti cha Miwani kilikuwa kitupu pembeni yangu, sweta yake imening'inia pale pale.

Mama yangu akaniuliza, "Mbona huli?"

"Nimechoka, mama."

"Uchovu gani wa kukwepa macho yangu?"

Alhamisi asubuhi nikashindwa. Nikaingia kwa Bosi bila kubisha hodi.

"Bosi, ufunguo wa Miwani niliuacha mimi kwenye dashibodi. Aliniazima."

Bosi hakushtuka hata kidogo.

"Umechelewa," akasema. "Shangazi alikutangulia. Alikuja saa moja kamili."

"Shangazi? Kufanya nini?!"

"Kukiri."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Aliingia na aproni yake ameikunja mkononi. Akaniambia, 'Nimesikia mnamtafuta aliyefuta saa mbili asubuhi. Anayefuta saa hiyo ni mimi.'"

Mungu wangu...

"Nilitaka kucheka," Bosi akaendelea. "Kisha nikafungua kamera ya koridoni. Anapitisha kitambaa juu ya programu ya kutuma magari, menyu yake inafunguka. Anasoma neno moja moja. Hariri. Ongeza. Futa. Akaona kuna Futa, akajua ndiyo sehemu yake, akabonyeza. Skrini ikamuuliza, 'Una uhakika unataka kufuta?'"

Kiswahili changu safi!

"Akabonyeza Ndiyo. Aliniambia, 'Nilishangaa inaniuliza, na mimi kufuta ndiyo kazi yangu.'"

Machozi yakanitoka hapo hapo.

"Nikamuuliza nani alimwambia abonyeze Ndiyo. Akasema hakumbuki." Bosi akaniinamia. "Anakumbuka, sivyo?"

Niliangalia viatu vyangu. Halafu nikainua uso.

"Ndiyo, bosi. Ni mimi."

Shangazi hakufukuzwa. Miwani alirudishwa siku hiyo hiyo, na onyo la kuazimisha ufunguo. Mimi nilitolewa kwenye klasta miezi sita, nikapelekwa kupokea simu za wagonjwa. Ilikuwa haki yangu.

Nilimfuata Miwani kwenye kiti chake.

"Kaka, kwa nini hukunitaja?"

"Nilikuachia useme mwenyewe. Nilidhani ingekuchukua dakika kumi."

Tunasalimiana vizuri. Ila "mdogo wangu" hajaniita tena.

Nilichojifunza? Ulinzi wa mfumo mtafundishwa darasani, mimi nawaambia hili. Shangazi hajui klasta ni nini. Alichokuwa anajua ni kwamba kuna mtu anaumia kwa kosa ambalo huenda ni lake, akaenda kusema. Mimi nilijua kila kitu tangu Jumatatu.

Dashibodi imerudi, sasa ina ruhusa ya kutazama tu. Lakini Shangazi haigusi tena, hata umbembeleze vipi. Anaipita mbali, kitambaa amekificha nyuma ya mgongo.

Kwa hiyo kila asubuhi, saa mbili na dakika tano, skrini ile naifuta mimi.