Matairi ya Kumfikisha Mama Tshibola Tenke

“Watu wa mtaa wa Manika, na ninyi mnaosoma huku mkifuata maneno kwa kidole, sikieni. Leo limezaliwa gari refu kuliko yote katika Katanga. Matope yatalikimbia. Mito italiomba ruhusa ya kupita.”

Ndivyo alivyotangaza Tata Kisimba, amesimama juu ya boneti ya Land Rover yake. Kisha akataka kushuka. Mguu ukatafuta ardhi, usiione. Mkewe, Kapinga, akamletea kiti cha jikoni.

Ulikuwa mwaka 1993, majira ya mvua. Migodi ilikuwa inakufa. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao palikuwa hapa hapa Kolwezi. Mama Tshibola, mama yake Kapinga, alikuwa mmoja wao. Stesheni ya Kolwezi ilijaa watu mpaka relini. Lakini mwanawe Rémy, aliyekuwa Tenke, alikuwa amemwekea nafasi katika treni ya Kasai inayoanzia huko. Treni ingeondoka Jumamosi. Barabara ilikuwa matope matupu, na gari likivunjika njiani, mama angebaki porini.

Ndiyo maana Kisimba alinunua matairi makubwa ya lori kutoka karakana iliyofungwa. Aliyafunga mwenyewe, akiimba.

Jirani yao Tata Muamba, mwalimu wa ufundi wa magari, alikuwa anafunga mizigo yake. Yeye pia alikuwa Mkasai, naye Rémy alikuwa amemwombea nafasi katika treni hiyo hiyo. Alikuja kuangalia.

“Tata Kisimba, umezungusha usukani mpaka mwisho?”

“Nimezungusha. Tairi haigusi kitu.”

“Na muzigo uko wapi?”

“Muzigo?”

“Gari tupu inadanganya, tata. Weka bitu byote, weka na batu, njo utajua.”

Kisimba akatupa jicho nyuma yake. Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa umeketi barazani, unamenya karanga. Ni mama mkwe wake. Na kwa desturi, mkwe hamsemeshi mama mkwe uso kwa uso. Sasa atamwombaje apande ili apimwe kama gunia la mahindi? Kwa sababu ya heshima hiyo, alikuwa amelijaribu gari likiwa tupu.

Akamgeukia mkewe. “Kapinga, umwambie mama, kwa heshima yote, kama anaweza kupumzika kidogo ndani ya gari.”

Mama Tshibola alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Akajibu, naye akimtazama Kapinga. “Umwambie bwana yako, mi nasikia. Umwambie tena, hata karanga zangu zinapanda.”

Akapanda nyuma na mabunda yake, sufuria zake, na kuku wawili. Springi zikashuka. Kisimba akaendesha taratibu mpaka kwenye kituta na kukata kona.

Krrr. Tairi likasugua bati la juu yake. Moshi ukatoka, na harufu ya mpira unaoungua. Ndani ya gari Mama Tshibola alicheka mpaka kuku wakaogopa.

“Sasa tunakata bati,” Kisimba alisema.

“Ukikata bati, utakata na ekseli?” Muamba aliuliza. “Tairi kubwa ni nzito, na ni ndefu. Inafanya kazi kama mutu anayekunja chuma kwa kutumia bomba refu. Ndani ya ekseli mule kuna shafti. Ni ile ile ya kiwanda, ilitengenezewa tairi ndogo. Ukinasa matopeni na kukanyaga mafuta, shafti inakatika. Breki nazo zinachoka. Injini inakosa nguvu kwenye mulima.”

“Basi turudishe zile ndogo?”

“Hapana. Gari yako ilikuja na tairi ya upana wa inchi sita, rimu kumi na sita. Wewe umeweka ya inchi tisa. Weka ya saba na nusu. Kiwanda chenyewe kinaikubali kwa ekseli hii. Itakuinua kidogo, na haitakuvunja.”

“Kidogo tu?”

“Tata Kisimba,” Kapinga alisema, “tunaenda Tenke, hatuendi mbinguni.”

Kesho yake Kisimba alibadilishana matairi na mwenye trela la trekta. Alipata matano ya saba na nusu. Muamba alisisitiza yote yawe ya kipimo kimoja, pamoja na la akiba. Safari hii walijaribu gari likiwa limejaa. Usukani ukafika mwisho huku, ukafika mwisho kule. Kimya.

Ijumaa walitoka. Penye matope mazito Muamba alipunguza upepo kidogo katika matairi, gari likapita polepole. Barabara ilipokuwa ngumu tena, walijaza kwa pampu ya mkono. Kisimba alipampu, Mama Tshibola akamhesabia kwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai, akiwa ametazama pembeni kwa heshima.

Jumamosi asubuhi walifika Tenke. Treni ilikuwa bado imesimama. Rémy alikuja mbio, na watu wakalizunguka gari lililotoka Kolwezi bila kuvunjika.

Kisimba akajikohoza. “Siri ni kujua kuchagua. Mi toka mwanzo nilikataa matairi makubwa. Niliambia kila mutu: ekseli ya kiwanda, tairi ya kadiri.”

Kapinga akatazama mawingu. Muamba akaanza kufungua kamba za mizigo, ingawa zilikuwa zimekwisha kufunguliwa.

Mama Tshibola akageuka, akamtazama Kisimba usoni. “Mukwe wangu. Ile siku ya moshi, mi nilikuwa ndani.”

Kwa miaka yote ya ndoa ile mama huyo hakuwahi kumsemesha moja kwa moja.

Kisimba akavua kofia. “Ni kweli, mama. Mi njo niliyafunga yale makubwa. Na nilipanda juu ya boneti kutangaza.”

“Nilikusikia. Ulitangaza muzuri.”

Mama Tshibola akampa mkono, wakacheka wote wawili. Kisha Kisimba akabeba kuku, akampandisha mama mkwe wake garimoshini, Muamba akifuata na mizigo yake.